Bingwa Aliyeitika Kila Mwito: Uchambuzi wa Kisa cha Col du Granon

Zikiwa zimebaki takriban kilomita tano kufika kilele cha Col du Granon, katika milima ya Alps nchini Ufaransa, Jonas Vingegaard wa Denmark alinyanyuka kwenye siti ya baiskeli yake akachomoka, na Tadej Pogačar wa Slovenia hakumfuata. Ilikuwa Jumatano, tarehe 13 Julai 2022, hatua ya 11 ya Tour de France. Pogačar alikuwa bingwa mtetezi, aliyetwaa taji mwaka 2020 na tena mwaka 2021, na alikuwa bado hajatimiza miaka 24. Watazamaji wengi wanaamini kwamba pale ndipo jezi ya njano ilipomponyoka. Nakusudia kuonyesha kwamba ilimponyoka mapema zaidi, kwenye mlima uliotangulia, na kwamba pamoja na uhodari wa mshindani wake, kilichomgharimu ni jinsi yeye mwenyewe alivyoitika kila alipoitwa.

Hatua hiyo niliitazama hapa Dar es Salaam, kwenye banda la fundi baiskeli mmoja wa Kariakoo, simu ikiwa imeegemezwa kwenye kopo la grisi na sisi watu watano tumeinama mbele yake. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, wapita njia walisimama kuuliza ni mechi gani, na fundi aliendelea kunyoosha ringi bila kutujali. Alipoinua macho, Pogačar alikuwa ameshafungua zipu ya jezi yake ya njano yote, kitambaa kinapepea pande zote mbili za kifua na mabega yanayumba kulia na kushoto kwa kila pigo la pedali. Mzee huyo, ambaye katika ujana wake alishindana katika mbio za baiskeli huko Shinyanga, alitazama kwa muda mfupi tu, akasema: “Kijana wangu, huyu hakuishiwa hapa. Huyu kaishiwa kule walikotoka.” Sikumwelewa vizuri siku ile. Nimeirudia picha ya hatua hiyo mara nyingi tangu hapo, na kila ninapoirudia naona kwamba alisema kweli.

Kwa msomaji ambaye hafuatilii mchezo huu, ni vyema nieleze kwanza utaratibu wake. Tour de France hukimbiwa kwa hatua 21 katika muda wa wiki tatu, na mshindi ni yule ambaye jumla ya muda wake wa hatua zote ni mdogo kuliko wa wengine. Anayeongoza kwa jumla hiyo huvaa jezi ya njano. Kwa hiyo mtu anaweza kulitwaa taji bila kushinda hatua nyingi, na anaweza kulipoteza kwa siku moja mbaya. Tena, ingawa jina linalotangazwa ni la mtu mmoja, mchezo wenyewe ni wa timu. Kwenye tambarare, anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake hukingwa upepo na kuokoa hadi karibu theluthi ya nguvu zake. Kwenye mlima mkali, ambako mwendo hushuka chini ya kilomita 20 kwa saa, kinga hiyo hupungua sana, na hapo kila mtu huachiwa miguu yake.

Asubuhi ya hatua ya 11, Pogačar alikuwa mbele ya Vingegaard kwa sekunde 39. Inafaa kuzichambua sekunde hizo, kwa sababu zinaeleza tabia ya bingwa huyo kuliko maelezo yoyote. Nane alizipata siku ya kwanza mjini Copenhagen, katika mbio za mtu mmoja mmoja dhidi ya saa. Kumi na tatu alizipata katika hatua ya tano, kwenye barabara za mawe za kaskazini mwa Ufaransa. Kumi zilikuwa bonasi (sekunde wanazopunguziwa watatu wa kwanza kufika) ya kushinda hatua ya sita huko Longwy, nne zilikuwa tofauti ya bonasi aliposhinda hatua ya saba juu ya La Planche des Belles Filles, na nne nyingine alizipata kwa kushika nafasi ya tatu huko Lausanne siku iliyofuata. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, na bingwa huyu alikuwa akijaza kibaba chake kila siku iliyopita, hata siku ambazo hakuna aliyemdai. Nakiri kwamba nilifurahia kumtazama, maana wapo mabingwa wengi waliojificha ndani ya msafara mpaka milima mirefu ifike, na yeye hakuwa mmoja wao. Lakini kila sekunde kati ya hizo ililipiwa kwa nguvu ya miguu, na hisa kubwa zaidi aliyovuna kwa siku moja ilikuwa sekunde 13 tu.

Hali ya timu yake, UAE Team Emirates, nayo ilikuwa imeanza kudhoofika. Vegard Stake Laengen na George Bennett walikuwa wamekwisha kuondoka mashindanoni kwa sababu ya UVIKO-19. Rafał Majka, msaidizi wake muhimu zaidi milimani, alipimwa akakutwa na virusi, ila aliruhusiwa kuendelea kwa sababu kiwango chake kilikuwa kidogo. Upande wa pili, timu ya Jumbo-Visma ilikuwa na watu wawili wenye hadhi ya kushinda mashindano yote, Vingegaard na Primož Roglič. Roglič ndiye aliyenyang’anywa jezi ya njano na Pogačar mwaka 2020, siku moja kabla ya kufika Paris, katika mbio dhidi ya saa zilizoishia juu ya La Planche des Belles Filles hiyo hiyo. Mwaka 2022 alianguka kwenye hatua ya tano, bega likateguka, akalirudisha mwenyewe kando ya barabara na kuendelea. Kufikia hatua ya 11 alikuwa nyuma ya Pogačar kwa zaidi ya dakika mbili na nusu. Mtu aliye nyuma kiasi hicho hadhaniwi tena kuwa mshindi, lakini hajawa mbali kiasi cha kupuuzwa, na juu ya ukweli huo ndipo Jumbo-Visma walipojenga mpango wao.

Njia ya siku hiyo ilianzia Albertville na ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 152. Baada ya kona za Lacets de Montvernier ulifuata Col du Télégraphe, mlima wa kilomita 11.9. Baada ya mteremko mfupi wa kwenda Valloire ukafuata Col du Galibier, kilomita 17.7 za kupanda hadi mita 2,642 juu ya usawa wa bahari. Kutoka kilele hicho, barabara huteremka kwa muda mrefu kupitia Lautaret na bonde la Serre Chevalier, kisha hugeuka ghafla kuingia Col du Granon, ambao ni kilomita 11.3 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 9.2, kilele kikiwa mita 2,413. Sisi tunaoishi Dar es Salaam, ambao baharini ni mwendo wa dakika chache, hatuna budi kukumbuka kwamba katika kimo hicho shinikizo la hewa ni kama robo tatu ya la pwani, kwa hiyo kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa kiasi hicho.

Jumbo-Visma walianza kwa kutanguliza watu. Wout van Aert na Christophe Laporte waliingia katika kundi lililotoroka mapema, wala shabaha yao haikuwa ushindi wa siku. Walikuwa huko mbele kumsubiri yeyote wa timu yao ambaye angechomoka baadaye, wamkinge upepo bondeni. Karibu na Télégraphe, Roglič alichomoka akisaidiwa na Tiesj Benoot. Pogačar akamfuata. Baada ya Valloire, mahali ambapo barabara ya Galibier bado haijawa kali, wakabaki wanne mbele, yaani Pogačar, Vingegaard, Roglič na Geraint Thomas wa Uingereza, na hakuna hata msaidizi mmoja wa bingwa aliyekuwepo. Hapo Roglič na Vingegaard wakaanza kupokezana. Mmoja akichomoka, Pogačar anaruka kumfuata, na kabla pumzi haijatulia wa pili anachomoka upande mwingine wa barabara. Alipofika gurudumu la Vingegaard, Roglič alikuwa ameshaondoka. Alipomfikia Roglič, Vingegaard aliondoka tena. Bingwa aliitika kila mara, na aliitika kwa uso mkunjufu, bila kuonyesha hata chembe ya wasiwasi.

Huu ndio moyo wa kisa chote. Mbele yake kulikuwa na miito miwili ambayo uzito wake haukuwa sawa. Mwito wa Vingegaard, aliyekuwa nyuma kwa sekunde 39, ulipaswa kuitikiwa mara moja. Mwito wa Roglič, aliyekuwa nyuma kwa zaidi ya dakika mbili na nusu, ungeweza kusubiri. Kumfikia mtu aliyechomoka kwa pigo moja la nguvu kunadai gharama kubwa kuliko kumrudisha polepole kwa mwendo mmoja, kwa kuwa miguu hulazimika kufanya kazi juu ya kiwango ambacho mapafu yanaweza kukihudumia, na deni hilo halilipiki lote mtu akiwa bado anapanda. Roglič na Vingegaard walikuwa wakigawana gharama hiyo, kila mmoja akichomoka mara chache na kupumzika mwenzake anapochomoka. Pogačar alikuwa akiilipa yote peke yake.

Lipo pingamizi la haki dhidi ya hoja hii, na limenisumbua kwa muda. Je, angemwachia Roglič, halafu Roglič akawakuta Laporte na Van Aert huko mbele, wakamvuta katika bonde lote la Serre Chevalier, si angefika chini ya Granon akiwa na dakika tatu mkononi na jezi ya njano mgongoni? Inawezekana. Ndiyo maana nauheshimu mpango ule: kila jibu lilikuwa na adhabu yake, na bingwa aliye peke yake hana jibu la bure. Lakini Roglič alikuwa na bega lililoteguka siku saba tu kabla, na mlima wa mwisho ulikuwa wa asilimia 9.2. Kumpa dakika moja kwenye Galibier, kisha kuwaacha Thomas na wengine waliokuwa na nafasi zao za kulinda nao watoe jasho la kumfuata, ilikuwa kamari ambayo mwenye jezi angeweza kuicheza. Hasara yake ingekuwa ya sekunde, na miguu ingebaki.

Hata nikikubali kwamba miito ile yote ilimlazimu, bado limebaki tendo moja ambalo hakuna aliyemlazimisha kulifanya. Juu zaidi kwenye Galibier, mashambulizi yalipotulia, Pogačar mwenyewe aliongeza mwendo na kuwaacha wote isipokuwa Vingegaard. Wengi pale Kariakoo tulipiga kelele za furaha. Kwa macho ya leo, ule ndio uamuzi ninaoulaumu. Kutoka kilele cha Galibier hadi mwisho wa hatua zilikuwa zimebaki kilomita zipatazo 45, nyingi zikiwa za mteremko na bonde, mahali ambapo wawili walio mbele hawawezi kulizuia kundi lisirudi iwapo mmoja wao hana sababu ya kuvuta. Vingegaard hakuwa na sababu ya kuvuta. Roglič na wengine wakarudi bondeni, Jumbo-Visma wakawa na watu wao tena, na juhudi zote za Galibier hazikumpatia bingwa hata sekunde moja. Alichokipata ni kujua kwamba Vingegaard anaweza kumfuata, na Vingegaard akalijua hilo pia. Tena halikuwa jambo geni kabisa, kwa sababu mwaka 2021, kwenye Mont Ventoux, Mdenmark huyo huyo alimwacha Pogačar karibu na kilele, naye akaokolewa na mteremko uliofuata. Granon hauna mteremko wa kumwokoa mtu. Mstari wa mwisho uko juu.

Mwili nao una hesabu zake. Wanga uliohifadhiwa katika misuli na ini ni gramu 400 hadi 600 hivi, na mwendesha baiskeli wa kiwango hiki hula gramu 90 hadi 120 za wanga kwa kila saa ili akiba hiyo isikauke. Anayepanda kwa mwendo mmoja huchanganya mafuta na wanga, bali anayeruka kila dakika chache hutumia karibu wanga mtupu, na wakati huohuo hupoteza nafasi ya kula, kwani huwezi kutafuna huku unamkimbiza mtu. Kuongezea hayo, joto la Julai ile lilikuwa kali Ufaransa nzima. Matokeo yake hayaonekani papo hapo, na hilo ndilo linalomdanganya aliye juu ya baiskeli: Pogačar aliingia Granon akiwa anaonekana salama, Majka akimvuta mbele, na kilomita za mwanzo zilipita kwa utulivu.

Nairo Quintana wa Colombia alichomoka kutoka kundi hilo, kisha Romain Bardet. Halafu akaja Vingegaard. Safari hii Pogačar hakuruka. Alibaki kwenye gurudumu la Majka, kisha Majka mwenyewe akalazimika kupunguza mwendo, na yule mtu wa miito yote akawa hana nguvu ya kuitika ule mmoja ambao alipaswa kuuwekea akiba. Vingegaard alishinda hatua. Quintana alifika sekunde 59 baadaye, Bardet dakika 1 na sekunde 10. Pogačar alifika wa saba, dakika 2 na sekunde 51 nyuma. Ukijumlisha bonasi ya sekunde 10 ya mshindi, aliyeanza siku akiwa mbele kwa sekunde 39 aliimaliza akiwa nyuma ya Vingegaard kwa dakika 2 na sekunde 22.

Lipo jambo moja kuhusu Vingegaard ambalo hunigusa kila ninapopita soko la samaki la Feri asubuhi. Kabla ya kuwa mwanamichezo wa kulipwa kwa wakati wote, alifanya kazi ya samaki katika bandari ya Hanstholm, akiamka alfajiri kupanga samaki kwenye barafu na kufanya mazoezi baada ya kazi. Subira aliyoionyesha kwenye Galibier, ya kukubali kusindikizwa bila kujitutumua, inafanana na ya mtu aliyezoea kusubiri zamu yake.

Mlima wenyewe una historia inayoshangaza. Kabla ya 2022, Tour de France iliwahi kuishia Granon mara moja tu, mwaka 1986. Siku ile nayo bingwa mtetezi, Bernard Hinault wa Ufaransa, aliipoteza jezi ya njano, na aliyeichukua alikuwa Greg LeMond, Mmarekani wa timu yake mwenyewe. Hinault alikuwa ameshambulia kwa ukali katika hatua za nyuma huku akiwa ameahidi kumsaidia LeMond. Mabingwa watetezi wawili, miaka 36 kati yao, wote wawili watu wasiopenda kukaa kimya ndani ya msafara, walivuliwa jezi kwenye barabara moja.

Pogačar hakukunja mikono. Siku iliyofuata alishambulia Alpe d’Huez, akashinda Peyragudes kwenye hatua ya 17, na kwenye mteremko wa Col de Spandelles katika hatua ya 18 alianguka akimkimbiza Vingegaard, ambaye alimsubiri mpaka akarejea, wakapeana mikono huku baiskeli zikiendelea kwenda. Jioni hiyo Vingegaard alimwacha tena, juu ya Hautacam. Paris, tarehe 24 Julai, tofauti yao ilikuwa dakika 2 na sekunde 43. Atakayelinganisha namba hizo ataona kwamba karibu tofauti yote ya wiki tatu ilipatikana Granon.

Sisi katika kikundi chetu cha waendesha baiskeli tumekifanya kisa hiki kuwa somo, kwa sababu tulikuwa nacho kwa udogo wake. Jumapili alfajiri huwa tunatoka Mwenge, tunavuka mji kabla magari hayajajaa, na mlima wetu ni ule wa kutoka Pugu Kajiungeni kwenda Kisarawe, ambao mtu wa Granon angeuita tuta. Kijana wetu mwenye miguu bora kuliko sote alikuwa na desturi ya kumfuata kila aliyechomoka, hata anayejulikana kwamba baada ya mita 200 atakuwa anatembea kwa miguu. Wenzake waliijua desturi hiyo, wakawa wanapokezana kumchokoza kwa makusudi. Alikuwa akifika kwenye miti ya juu ya Pugu ameweka gia nyepesi kuliko zote, mdomo wazi, anapitwa na mtu aliyekuwa nyuma yake njia nzima bila kusema neno. Tulimwonyesha picha za Galibier. Hatukumwonyesha za Granon, kwa sababu za Granon alikwisha kuziona na alidhani zinatosha. Tulimwomba ahesabu ni mara ngapi Pogačar aliruka, na kila ruko moja aseme lilikuwa la kumfuata nani na huyo nani alikuwa nyuma kwa muda gani. Alipofika kwenye lile shambulio la Pogačar mwenyewe, alisimamisha picha akauliza: “Sasa hapa kaka, yeye alikuwa anamfuata nani?”

Mwaka 2023 Vingegaard alishinda tena, na safari hiyo Pogačar alikuwa mpinzani aliyetoka kuvunjika kifundo cha mkono mwezi Aprili, kwa hiyo kisa hicho ni tofauti na sikichanganyi na hiki. Kinachofanana na hiki ni cha tarehe 2 Julai 2024, hatua ya nne, iliyotoka Pinerolo nchini Italia na kuupanda Galibier kabla ya kuteremka hadi Valloire. Timu ya Pogačar safari hiyo ilikuwa kamili, ikavuta mtu baada ya mtu, na yeye akakaa nyuma yao mlima karibu wote. Alichomoka mara moja, ikiwa imebaki chini ya kilomita moja kufika kilele, akateremka peke yake, akashinda hatua, akairudisha jezi ya njano. Vingegaard alifika Valloire sekunde 37 baadaye.